Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Katika mji ule koki hazikufa kwa uzee. Zilikufa zingali vijana. Ungenunua koki mpya ya shaba inayong'aa, ukaifunga ukutani kwa majigambo, majirani wakaja kuitazama, na kabla mtoto wako hajamaliza darasa moja ingekuwa imetoboka shingoni, inatiririsha maji chiri chiri mchana kutwa. Mabomba ya chuma nayo yalikuwa na mtindo wao: yalianza kutoka jasho, baadaye machozi, halafu siku moja yakapasuka katikati ya chumba cha wageni, wageni wakiwemo.

Mtu mmoja alikuwa na sababu ya kushukuru, naye ni fundi bomba. Wakubwa kwa wadogo walimwita Babu Koki. Alitembea na sanduku la bati lenye spana, msumeno, tepu ya uzi, washa za mpira za kila ukubwa, na kipande kizito cha risasi alichokiyeyusha mwenyewe kutoka kwenye betri mbovu za magari. Hicho ndicho kilikuwa fahari yake. Mafundi wengine walizungusha tepu wakaenda zao. Babu Koki aliyeyusha risasi kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, akaimimina kwenye kiungo taratibu kama anamnywesha mgonjwa uji, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

"Kiungo changu hiki," alimwambia mteja, "utakufa wewe kitabaki."

Hakuwahi kujiuliza kwa nini koki zinakufa. Hakuwa na muda. Alikuwa ameezeka nyumba kwa koki zilizokufa, amesomesha binti kwa koki zilizokufa, na kila alipoitwa alfajiri na mtu aliyesimama kwenye maji hadi vifundoni, alivaa viatu huku akipiga mluzi.

Juu ya mji kulikuwa na kilima, na ndani ya kilima kulikuwa na mgodi, au tuseme mashimo yaliyokuwa mgodi. Kampuni ilichimba mpaka ikachoka, ikafanya sherehe ya kuaga, ikamkabidhi mwenyekiti wa baraza la mji ngao ya mbao yenye maneno ya shukrani, kisha ikaondoka na kila kitu chenye thamani. Iliacha mashimo, milima ya vifusi, na geti. Geti lilikuwa na kufuli kubwa na mlinzi wake, ingawa ua wa pande zote mbili ulishaibwa siku nyingi. Mlinzi alimfungulia kila aliyeomba kwa adabu. Mwenye haraka alipita pembeni, akamsalimia.

Mvua ikinyesha, maji yaliingia kwenye mashimo yale, yakakaa huko chini na mawe yaliyovunjwavunjwa, na yalipotokea upande wa pili yalikuwa yamebadilika tabia. Mawe ya kijito kilicholisha tangi la mji yalivaa rangi ya kutu. Lakini maji yenyewe yalikuwa maangavu! Ungeweza kuhesabu kokoto. Hapakuwa na mwani, samaki wala kiluwiluwi. Vyura walikuwa wamehama au wamekufa. Hakuna aliyechunguza, kwa sababu vyura hawapigi kura.

"Miji mingine inahangaika kutoa vyura kwenye tangi," alijigamba ofisa wa maji wa baraza, ambaye watu walimwita Bwana Maji. "Sisi kwetu hata mbu hatagi!"

Watu walimpigia makofi. Na si kwamba hawakuwa na ushahidi wao. Sufuria yenye masizi ya mwezi mzima, ukiiacha na maji yale usiku mmoja, asubuhi inakucheka. Basi akina mama wakajumlisha: kama yanasugua sufuria hivi, tumboni je? Maji yakawa dawa ya kusafisha tumbo. Mgeni aliyekuja mjini akaharisha aliambiwa bado hajazoea vitu safi.

Babu Koki naye aliamini. Tena yeye aliamini kuliko wote, kwa sababu alikuwa na mjukuu.

Mjukuu huyo, mtoto wa binti yake, alikuwa na miaka miwili na aliitwa Bosi. Jina alijipatia kwa juhudi zake mwenyewe. Alikuwa akisimama katikati ya ua na nepi yake, mkono kiunoni, anatoa amri. Babu kaa! Bibi njoo! Kuku toka! Kuku walitoka. Binti, ambaye alishona nguo kwa cherehani barazani wakati mumewe akifanya kazi mbali, alisema mtoto yule ni baraza la mji peke yake, tofauti ni kwamba yeye akisema jambo linatendeka.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, aliyoianzisha Babu Koki. Kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajagusa maji, Bosi alibebwa hadi kwenye koki ya uani, akaifungua mwenyewe kwa mikono miwili, akajaziwa kikombe chake chekundu cha plastiki. Bibi hakuruhusiwa kuchota hata maji ya chai kwanza.

"Maji ya kwanza ni ya Bosi," Babu Koki alisema. "Yamelala usiku kucha kwenye bomba la babu yake. Yameiva."

Bosi alikunywa yote, akapangusa mdomo kwa mkono, akasema, "Tena!" Babu Koki alikuwa anasikia raha mpaka kwenye visigino.

Halafu Bosi akaanza kupunguza amri.

Kwanza alilalamika tumbo. Bibi akasema minyoo, akampa dawa ya minyoo, ambayo mtoto aliimeza kwa maji ya kwanza. Tumbo likaendelea. Bibi akasema meno. Meno yakatoka, tumbo likabaki. Viganja vikapauka kama karatasi. Mtoto akawa anakaa kwenye kizingiti, anawatazama kuku wakimwaga unga, na hasemi neno. Siku binti alipomwona kuku anakula kwenye sahani ya Bosi, na Bosi anamtazama tu, aliacha nguo ya mteja chini ya sindano, akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati.

Muuguzi wa zahanati alimtoa damu akaipeleka hospitali kubwa ya mbali. Majibu yalichukua muda wake. Yaliporudi aliwaita wote, na Babu Koki akaenda amevaa shati la kutokea, sanduku lake mkononi, kwa sababu baada ya pale alikuwa na koki ya kwenda kuzika.

"Mzee wangu," muuguzi alisema, "mtoto ana madini mwilini. Mengi yake ni risasi, ile laini, nzito, inayoyeyushwa."

Babu Koki alisogeza sanduku kwa mguu likaingia chini ya kiti.

"Kampuni ilituambia madini yamekwisha," alisema, akijaribu kucheka.

"Yalihama, mzee. Maji yanayotoka mgodini ni makali. Yanatoka kilimani na madini yake, na yakipita kwenye bomba yanakwangua mengine njiani. Yakilala humo usiku kucha, ndipo yanapokwangua sawasawa. Huyu anakunywa saa ngapi?"

Binti alimgeukia baba yake. Hakumtazama kwa hasira, na afadhali angemtazama kwa hasira.

"Asubuhi," binti alisema. "Ya kwanza."

"Tutachemsha!" Bibi akadakia. "Nesi, kuanzia leo nitachemsha mpaka yaombe msamaha."

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Madini hayafi. Maji yanapungua kwa mvuke, madini yenyewe yanabaki kwenye sufuria yanakusubiri."

"Basi dawa yake nini?"

"Dawa ya kwanza ni kuacha. Asinywe tena, asipikiwe nayo. Damu tutaijenga kwa chakula na dawa, na tutampima tena. Ila yaliyokwisha kuingia kichwani," muuguzi akasita, "sitawadanganya. Sijui kama yatatoka yote. Na watoto ni wengi, si huyu tu. Nimewaambia baraza. Wakanijibu nisiwatie watu hofu." Akamgeukia Babu Koki. "Kuna mkutano wa hadhara wiki hii. Wewe ndiye unayeshika mabomba ya mji mzima. Watakuuliza. Sema ulichokiona."

Babu Koki aliahidi. Aliahidi kwa moyo wote, na njiani aliirudia hotuba yake hadi mbuzi wa watu wakasimama kumsikiliza.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti alikuwa na desturi ya kufungua kila mkutano kwa glasi ya maji ya bomba. Wengi wa viongozi wa namna ile wana chupa zao chini ya meza. Mwenyekiti huyu hakuwa hivyo, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Aliamini. Aliinua glasi juu jua lipite ndani yake, kisha akaigugumia yote. Mkono ulimtetemeka siku hizi, glasi ikagonga meno ti-ti-ti, na watu wakasema tazama anavyoguswa na maendeleo.

"Wapo wanaoeneza maneno," alisema huku akipangusa kidevu. "Wanasema maji yetu ni mabaya. Mimi nimeyanywa miaka yote, mbona niko hapa? Fundi wetu yuko wapi? Babu Koki, simama! Mabomba yana tatizo gani?"

Babu Koki alisimama. Hotuba ilikuwepo kichwani, imejipanga. Lakini aliona nyuso: huyu alimfungia bomba la jikoni, yule la chooni, wale pale mstari mzima wa nyumba. Kusema maji yanakula mabomba ilikuwa ni kusema yanakula viungo vyake. Kusema yanakula viungo vyake ilikuwa ni kusema risasi imekwenda wapi. Akaona watoto wamekaa chini mbele, wanachezea mchanga, kila mmoja kwao kuna kiungo chake.

"Uchakavu, mheshimiwa," alisema. "Uchakavu tu. Na watu wanafungua koki kwa nguvu."

Makofi yalipigwa hadi vumbi likatimka. Bwana Maji alimshika mkono mbele ya watu. Babu Koki alirudi nyumbani na mkono ule ameuficha mfukoni.

Binti alikuwa anakunja nguo zake na za mtoto kwenye begi.

"Koki ya nyumba hii, baba, inafunguliwa na mtoto wa miaka miwili," alisema bila kuinua uso. "Kwa nguvu gani?"

"Mwanangu, ungekuwa pale..."

"Nilikuwepo. Nilisimama nyuma nimembeba. Alikuona akakunyooshea mikono, hukumwona kwa makofi." Akafunga zipu. "Nitakwenda kwa baba yake. Tutalala watatu chumba kimoja, lakini maji ya huko hayatoki mgodini. Kama babu yake mwenyewe anaona aibu kumsemea, nani atamtetea?"

Babu Koki alisimama mlangoni. Bosi alikuwa amelala kitandani, mdomo wazi, mbavu zinahesabika. Ndipo mzee akageuka, akaenda uani, akafungua sanduku.

Alianza na koki yenyewe. Akafuata bomba ukutani, kiungo kwa kiungo, viungo vile vya kuachia wajukuu, akavikata kwa msumeno kimoja kimoja hadi kwenye mita. Pale akaziba. Bibi alitoka na ndoo yake akabaki ameishika.

"Mzee, umepandwa na nini?"

"Hatunywi tena."

"Na tutakunywa nini, jasho lako?"

Mvua za msimu zilikuwa zimeanza, kwa bahati. Alifunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa, akaushusha kwa bomba la plastiki hadi kwenye pipa lililooshwa, akaweka mlango mdogo wa kumwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa. Hakutumia risasi hata tone. Kile kipande kizito alimpelekea muuguzi ili akifungie mahali watoto hawafiki. Binti alitazama kazi ile yote kutoka kwenye cherehani. Ilipokwisha alifungua zipu ya begi, akatoa kikombe chekundu.

Jirani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na muuzaji wa koki zote za mtaa, alikuja kuegemea ukuta.

"Fundi bomba asiye na bomba!" alicheka. "Hii ni sawa na kinyozi mwenye nywele hadi kiunoni. Bwana we, kama maji huyataki, vuta mrija huku kwangu!"

Mtaa ulipata kicheko cha kutosha. Wengine walisema mzee amechanganyikiwa, wengine kwamba ana deni la maji anajificha. Koki zilizokufa zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Halafu akaja mke wa yule jirani. Alikuja mchana, na kitenge kibovu mkononi eti anataka kishonwe, akazunguka cherehani akamfuata Babu Koki nyuma ya nyumba.

"Babu, mwanangu wa mwisho hajui kuhesabu, na juzi alikuwa anajua," alisema kwa sauti ya chini. "Nifungie na mimi. Lakini koki iache ukutani, watu wasiseme."

Babu Koki akamfungia. Alikata bomba, akaziba, akaunganisha pipa la mvua na koki ileile kwa plastiki. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Na kabla hajaondoka alimwambia, macho chini, kilichomo kwenye viungo alivyokuwa amewafungia miaka yote. Mwanamke alikikunja kitenge chake. "Ungetuambia uwanjani," alisema.

Wakaja wengine. Mwalimu alikuja kuuliza habari za kuku. Muuza mkaa alikuja kuleta mkaa ambao hakuna aliyeuagiza. Kila mmoja aliogopa wenzake wasije wakajua, na kila mmoja alipita mlango wa nyuma akidhani ni yeye peke yake. Babu Koki alikuwa na kazi nyingi kuliko zamani, na safari hii hakupiga mluzi. Ulikuwa mji wa ajabu: hadharani maji yalisifiwa, uani yalikatwa.

Mwisho akaja mke wa mwenyekiti mwenyewe, amevaa miwani ya jua siku ya mawingu.

"Mume wangu asijue," alisema. "Ukimgusa maji yake umemgusa kura zake. Lakini akinywa chai, nusu inaishia kwenye shati. Mimi ndiye ninayefua."

Kwa hiyo mwenyekiti akaendelea kufungua koki yake ya jikoni kila siku, akijaza glasi, akiisifia.

Bwana Maji naye aliona jambo. Malalamiko ya mabomba kupasuka yalikuwa yameshuka. Yalishuka hadi akaogopa, kisha akafurahi, kisha akaandika ripoti. Mtandao wa maji umeimarika, alisema. Ripoti ikafika juu, na kutoka juu akateremka mgeni rasmi mwenye suti ya bluu, kuja kuona mji uliotatua tatizo la maji bila kutumia chochote. Jukwaa likajengwa pembeni mwa tangi, na Babu Koki akaandaliwa fulana ya kumpongeza.

Siku hiyo mwenyekiti alikuwa katika hali yake bora. Akainua glasi.

"Haya ndiyo maji ninayokunywa nyumbani kwangu, asubuhi na jioni! Na wanaosema yananidhuru, tazameni mkono huu. Umetulia kuliko mwaka jana!"

Ilikuwa kweli. Ulikuwa umetulia kidogo. Watu walipiga makofi, isipokuwa Babu Koki, aliyekuwa amesimama chini ya jukwaa na fulana yake begani, akiutazama mkono ule ukiipeleka glasi mdomoni.

"Usinywe hayo!" alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Babu Koki, vipi tena?" Bwana Maji alicheka kicheko cha kulazimisha.

"Mabomba hayapasuki kwa sababu maji hayapiti. Nimewafungia watu mapipa ya mvua." Akaishusha fulana begani. "Mara ile nilisema uchakavu. Nilisema uongo. Maji ya mgodi yanakula chuma, yanakula risasi niliyowaungia kwa mikono hii, na mjukuu wangu ameinywa kila asubuhi, nikimshikia kikombe. Ameanza kusema tena. Maneno mengine hayajarudi."

"Mzee ana matatizo ya kifamilia, mheshimiwa," Bwana Maji alimnong'oneza mgeni.

"Nani kati yenu amefungiwa?" mwenyekiti alifoka kwa watu. "Anyooshe mkono! Mmoja tu!"

Hakuna aliyenyoosha. Kisha mke wa mwenye duka akainua mkono wake, nusu. Mumewe akageuka kama ameumwa na siafu. "Kwetu? Lini?" Mwalimu akanyoosha. Muuza mkaa akanyoosha, akamwona mwalimu, wote wawili wakashangaa. Mikono ikazidi, na watu wakaanza kugeukiana na kuulizana, hata wewe? Hata wewe?

"Hawa ni wachache wa upinzani," mwenyekiti alisema. "Mimi kwangu..."

"Kwetu pia," mkewe alisema kutoka safu ya mbele, akavua miwani. "Hayo unayokunywa nyumbani ni ya mvua, baba. Tangu mwanzo wa msimu."

Mwenyekiti alibaki na glasi hewani. Aliitazama, akautazama mkono, akamtazama mkewe. Polepole akaiweka mezani, ikiwa imejaa, akaisukuma mbali na mgeni.

Mgeni rasmi alikohoa, akaangalia saa. "Huo mgodi uko wapi?"

"Haumo kwenye ratiba, mheshimiwa," Bwana Maji alisema.

"Ni pale juu," binti wa Babu Koki alisema, amembeba Bosi mgongoni, naye tayari alikuwa ameanza kuelekea kilimani. "Gari halipandi. Tunatembea."

Watu walimfuata. Magari ya msafara yalikuwa upande wa pili wa umati, na umati haukufungua njia kuelekea kule. Mgeni rasmi alisubiri kidogo kuona kama utafungua. Kisha akavua koti lake la bluu, akamkabidhi Bwana Maji alishike, akaanza kupanda.